Giza na Ukungu Katika Neno Moja la Kiingereza

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule.)



Awali ya yote sina budi kuishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Kamati ilikuwa imeniomba nizungumze juu ya "Utumishi wa Umma na Changamoto Zake". Niliitazama mada hiyo nikaona kwamba wengi wenu mngekuwa mmekwisha kulala kabla sijafika kwenye changamoto ya pili. (Kicheko.) Basi niliomba, nikakubaliwa, nijibu badala yake barua niliyoletewa na Klabu ya Kiingereza ya hapa shuleni. Vijana wameniandikia kwamba katika muhula mmoja wamekutana na neno "obscure" mara tatu: kwanza kwenye jina la kitabu cha hadithi, kisha kwenye somo la fizikia, na mwisho kwenye gazeti, katika habari ya mkataba wa madini. Kila walipofungua kamusi walipata maana isiyofanana na ile waliyoipata mwanzo. Wanauliza: neno hili lina maana ngapi, na Kiswahili chake hasa ni kipi?

Vijana wanaweza kudhani wameuliza swali la mtihani tu. Mimi nafanya kazi katika ukanda wa dhahabu, na nawahakikishieni kwamba huko swali hili lina bei.

Tuanze na asili yake. Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambako "obscurus" ni kitu chenye giza, kitu kilichofunikwa. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, na ndiyo iliyowafikieni katika fizikia. "Camera obscura" ni Kilatini kitupu, maana yake chumba cha giza. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo yapata miaka elfu moja iliyopita, alichunguza jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuingia mahali penye giza, ukabeba sura ya vitu vya nje. Jina lenyewe la "camera obscura" lilitumiwa na mnajimu Mjerumani Johannes Kepler mwaka 1604. Baadaye watu walilitupa lile neno la pili wakabaki na la kwanza, kwa hiyo kila mmoja wenu aliyepiga picha asubuhi hii kwa simu yake ameshika chumba ambacho giza lake limesahauliwa kwenye jina. Mkitaka kuhakikisha, zibeni madirisha ya bweni kwa mablanketi mchana wa jua kali, mtoboe tundu moja dogo, mtaona mti wa nje umesimama ukutani kichwa chini. Lakini mwalimu wa zamu asiwakute. (Kicheko.)

Neno hilo hilo hutumika kama kitenzi. Wingu hufunika jua, vumbi la basi huziba njia mpaka mwendesha baiskeli ajitupe kando. Katika yote mawili Mwingereza atasema kitu kimoja kime-"obscure" kingine. Hapa Kiswahili hakina shida, tunacho "kufunika", "kuziba" na "kuficha", nami sitakaa hapo.

Maana ya tatu ni ile ya kutojulikana. Kitabu mlichokitaja ni riwaya ya Thomas Hardy ya mwaka 1895, "Jude the Obscure". Jude ni mwashi wa mawe, kijana wa kijijini anayejifunza Kilatini na Kigiriki peke yake kwa tamaa ya kuingia chuo kikuu, na chuo hakimfungulii mlango. Sasa mtu akitafsiri jina hilo "Jude wa Giza", msomaji wa Shinyanga atatazamia hadithi ya mganga. Jude hana giza lolote. Tatizo lake ni kwamba wenye vyuo hawamjui na hawana haja ya kumjua. "Jude Asiyejulikana" ni bora. Rai yangu mimi ni "Jude Mtu wa Chini", ingawa najua walimu wa fasihi waliopo hapa watanipinga wakati wa chai.

Maana hii ina ujanja wake. Mwandishi wa London anaweza kuiita Kakola kijiji "obscure", na sentensi yake ikawa sahihi kwa Kiingereza. Lakini Kakola wanaijua vizuri sana watu wa Kakola, wanaijua wenye mabasi ya Kahama, na tangu mgodi wa Bulyanhulu uanze kuzalisha mwaka 2001 wanaijua wafanya biashara ya dhahabu wa nchi za mbali. Kumbe sifa hiyo haimo kijijini. Imo katika macho ya anayetazama. Ninyi vijana mkikuta neno hili limebandikwa mahali au mtu, ulizeni: hajulikani na nani?

Sasa nafika kwenye maana ya nne, iliyo katika habari ya gazeti. Maneno "obscure" ni maneno yasiyoeleweka, na hapa ndipo Kiingereza kimeweka mambo mawili katika mfuko mmoja. Nitaeleza kwa kisa.

Miaka michache iliyopita walinijia watu sita kutoka machimbo madogo ya upande wa Geita. Walikuwa wenye maduara, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi mwenzetu wa hapa, ambaye hakutaka jina lake litajwe leo. Walikuwa wameingia makubaliano na mtu mwenye mtaji aliyeleta pampu za maji na krasha ya kusagia mawe, wagawane mazao. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, kurasa tisa, na chini yake saini nne na dole gumba mbili. Kazi yangu si ya sheria. Walinijia kwa sababu ya huo udugu wa shule. Walikuwa wamekwisha kumwona mwanasheria mmoja, naye aliwaambia kwamba vipengele viwili vya mkataba ni "obscure". Walipomwomba Kiswahili chake akawajibu, "Vina giza," akatazama saa yake.

Mzee mmoja katika wale sita, ambaye alianza kushuka mashimoni tangu ujana wake, akaniuliza, "Mwanangu, kama vina giza, si tulete taa?"

Nilivisoma vipengele hivyo. Cha kwanza kilisema kwamba mgao utafanywa juu ya pato halisi "kama lilivyoelezwa katika Kiambatisho C". Kiambatisho C hakikuwamo. Kilikuwapo A, kilikuwapo B, kisha saini. Cha pili kilisema kwamba kabla ya mgao mwenye mtaji atakata "gharama zinazofaa". Hakikusema gharama za nini, wala zinazofaa kwa kipimo cha nani. Mwezi mmoja zilikatwa gharama za mafuta ya dizeli na matimba, mwezi wa pili ikaongezwa hoteli ya mjini, mwezi wa tatu matairi ya gari ambalo wale wazee hawajawahi kuliona.

Nikamwambia yule mzee, "Mzee wangu, cha kwanza taa itakisaidia. Cha pili hata ukileta taa kumi hazitafua dafu."

Kiambatisho C kilikuwapo mahali fulani, katika faili la mtu. Maneno yake yalikwisha kuandikwa; yalifichwa tu. Hilo ndilo giza. Kitu kimo chumbani, una haki ya kukiona, unadai mlango ufunguliwe. Lakini "gharama zinazofaa" hazikufichwa popote. Maneno yalikuwa wazi mbele ya macho yetu, tena ya herufi kubwa kubwa, na hapakuwa na karatasi nyingine nyuma yake ambayo ingetueleza zaidi. Kila ukiyasogelea, ukingo wake unarudi nyuma, kama mtu anayetafuta mwisho wa ukungu kwa kutembea ndani yake. Hapo hakuna cha kufunua. Kuna cha kukata: mkae chini mkubaliane upya mpaka uwe wapi.

Basi zikaandikwa barua mbili, kila moja na dai lake. Ya kwanza, ya kudai Kiambatisho C, ilijibiwa baada ya wiki tatu, na kiambatisho kikaja. Kilikuwa ukurasa mmoja, na kwa kweli hakikuwa kibaya kama tulivyohofu. Ya pili ilizaa vikao vitano na ugomvi mwingi, na mwisho wake orodha: dizeli, matimba, ukodishaji wa krasha, chakula cha wachimbaji. Hoteli ikatoka. Matairi yalibaki yakibishaniwa mpaka duara lenyewe likajaa maji mvua za masika, na sijui kama yaliwahi kulipwa. Lakini lau wale watu wangeandika barua moja tu, wakilalamika kwamba mkataba una giza, wangejibiwa kwa kupelekewa kiambatisho na kuambiwa, "Haya, mwanga huo." Na "gharama zinazofaa" zingeendelea kula.

Nilipata kuitazama baadaye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya sheria zetu, ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1872. Nayo inatenganisha mambo hayo kwa namna yake. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba makubaliano ambayo maana yake haina uhakika, wala haiwezi kufanywa iwe na uhakika, ni batili. Angalieni hiyo "wala". Mtunga sheria alikwisha kuona kwamba kuna kutoeleweka kunakotibika na kuna kusikotibika, na hakutaka vyote viwili viuawe kwa rungu moja. Tena zipo mahakama nyingi zinazofuata mapokeo ya Kiingereza ambazo, neno likiwa na maana mbili, hulisoma kinyume cha aliyeliandika. Wale wazee hawakuwa na fedha za kufika huko, lakini kuijua kanuni hiyo kuliwapa sauti kikaoni.

Msidhani mgawanyo huu ni wa wachimbaji peke yao. Mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz aliandika insha fupi mwaka 1684 kuhusu namna tunavyojua vitu. Akasema fikra ni "obscure" pale ambapo haikutoshi kukitambua kitu hata kikiletwa mbele yako. Ukiweza kukitambua, fikra yako imepata mwanga, lakini bado inaweza kuwa na mkorogano ndani yake, kwa kuwa unakitambua bila kuweza kutaja alama zake moja moja. Na mnajua alitoa mfano gani wa ujuzi uliopambanuka? Wapima dhahabu! Mtu mwenye alama na majaribio ya kutosha kuitenga dhahabu na kila kinachofanana nayo. Huyo bwana hakufika Nyarugusu, lakini angefurahi kukaa nusu saa na mnunuzi wa pale. Mgeni huliona jiwe la pairaiti likimetameta akadhani ametajirika. Mwenyeji hulipima kwa mkono kwanza, kwa sababu dhahabu ina uzito zaidi ya mara 19 ya maji ya ujazo huo huo, na pairaiti mara tano tu. Kisha hulikwaruza: dhahabu huacha mstari wa manjano, pairaiti huacha mweusi wenye ukijani. Akiligonga, pairaiti hupasuka vipande, dhahabu hubonyea. Mng'ao ni ule ule kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja anazo alama.

Mfano mwingine mkubwa mnaukumbuka ninyi nyote mliokuwa na akili timamu mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo serikali ilizuia kusafirisha nje kile ambacho wananchi walikiita mchanga wa dhahabu, kilichotoka Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakazuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ilitoa taarifa yake tarehe 24 Mei; ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, tarehe 12 Juni. Kampuni iliyohusika ilizikataa takwimu zao, nami leo sitaamua shauri hilo. Ninalotaka mlione ni neno. Kwa miaka mingi tuliita kitu kile mchanga, na mchanga kila mtu anaujua: unachotwa mtoni, unajengewa choo. Nani atapigania mchanga? Ndipo likaja neno "makinikia", ambalo wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza mwaka huo, na ndani ya mwezi mmoja lilikuwa midomoni mwa wauza chipsi. Makinikia ni mbale iliyokwisha kusagwa na kuchenjuliwa mpaka shaba, dhahabu na fedha zikabaki kwa wingi zikisubiri tanuri. Kitu hiki ni cha kupimwa maabara, kwa gramu. Kwa hiyo lilikuwa giza tu, na neno "mchanga" ndilo lililokuwa blanketi dirishani. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kupitia masharti yaliyoitwa hasi katika mikataba ya maliasili, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6.

Kuna watakaosema: dawa ni kuacha Kiingereza, tuandike kila kitu kwa Kiswahili. Mimi naunga mkono sehemu kubwa ya hoja hiyo. Mwezi Januari 2021, katika Mahakama Kuu ya Musoma, Jaji Zephrine Galeba alitoa hukumu kwa Kiswahili katika shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tarehe 1 Februari, siku ya sheria, Rais Magufuli alimteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani na kumsifu kwa jambo hilo hilo. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ila Kiingereza kiruhusiwe pale haki itakapohitaji. Mwenye duara aliyeshindwa kesi ana haki ya kujua ameshindwa kwa nini bila kukodi mtu wa kumsomea. Hilo ni taa ya kweli, na lilichelewa.

Lakini taa hiyo hufukuza giza peke yake. Ukungu hauna kabila. Nenda katika ofisi nyingi tu, utaambiwa kwa Kiswahili fasaha, "Suala lako linafanyiwa kazi." Linafanyiwa na nani? Kazi gani? Mpaka lini? Hakuna neno hata moja la kigeni katika sentensi hiyo, na mkulima wa Kishapu anaielewa neno kwa neno, lakini anarudi nyumbani hana alichobeba. "Tutaliangalia." "Lipo katika mchakato." "Taratibu zitafuatwa." (Makofi.) Naona wenzangu wa serikalini mnapiga makofi kwa mkono mmoja. (Kicheko.) "Gharama zinazofaa" ni Kiswahili safi kabisa, nanyi mmeona kilichowapata wale wazee.

Sasa niwajibu vijana moja kwa moja. Mkilikuta neno hili kwenye mtihani au kwenye gazeti, msikimbilie "giza". Tazameni kilichosifiwa. Kama ni chumba au usiku, semeni chenye giza. Kama ni jioni jua likizama, tunalo neno zuri "utusitusi", ambalo naona linakufa bure. Kama ni mtu au mahali, semeni asiyejulikana, pasipojulikana. Kama ni maneno yaliyofichwa kwa makusudi ili mwenye akili ayafumbue, hilo ni fumbo. Waliotafsiri Biblia walilijua hili: katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mahali ambapo Kiingereza cha zamani kinasema mambo huonekana "darkly", wao hawakuandika giza, waliandika fumbo, na Kigiriki cha asili kweli kinasema kitendawili. Kama ni maneno yenye maana mbili zinazogongana, yana utata. Na kama ni maneno yasiyo na mpaka, semeni hayo, hayana mpaka, hata kama sentensi itakuwa ndefu kidogo. Mwalimu akiwanyima alama kwa sababu kamusi imesema "-a giza", mleteni kwangu wakati wa chai, nitakuwa pale pale ninapogombana na walimu wa fasihi.

Mwingereza analo neno moja ambapo sisi tunalazimika kuchagua katika sita. Wapo wanaouita huo umaskini wa Kiswahili. Mimi nauona kama faida ya mwenye duara, kwa sababu anayelazimika kuchagua neno amelazimika kwanza kuuliza: kuna kitu kimefichwa hapa, au hakuna kilichosemwa?

Ndugu Mwenyekiti, naona unanionyesha saa. Nimewaletea vijana nakala tatu za kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, nami nimezikabidhi kwa mwalimu wa maktaba pamoja na daftari tupu. Humo naomba Klabu iandike kila neno la Kiingereza walilokutana nalo katika karatasi za wazazi wao, za ardhi, za pamba, za leseni ndogo za uchimbaji, ambalo Kiswahili chake hakikuwatosheleza. Mwakani nikialikwa tena nitalisoma daftari hilo, na tutaanza na neno mtakalolipigia kura.